Watu wa kawaida: usiku wangu na Pulp kule Sheffield

Najua nimepotea, ila mwenye kuandika tasnifu hasemwi, anaombewa tu. Leo nimerudi na kisa kimoja cha zamani kidogo, na kimerudi kichwani kwa sababu ya uongo nilioutoa wiki iliyopita.

Ilikuwa hivi. Nimesimama kwenye foleni ya chai hapa kampasi, naongea na simu kwa Kiswahili, dogo mmoja akanisogelea. Kafika Leeds juzi tu kutoka Dar, koti bado lina mikunjo ya begi. Tukasalimiana, furaha kama yote, na swali la pili likawa lile lile la siku zote: "Kaka, Dar unakaa wapi?"

Mdomo ukajibu kabla yangu. "Sinza."

Jamani, sijawahi kukaa Sinza hata siku moja. Nimezaliwa na kukulia Tandale, kwa Mtogole, ndani kabisa kule ambako bajaji inakuacha halafu unamalizia kwa mguu. Wenye kuijua Dar wanajua Tandale na Sinza ni pua na mdomo. Nilipokuwa mwaka wa kwanza pale Mlimani nilikuwa nashukia daladala Sinza na wenzangu, nawaaga kwa madaha, halafu nikiona wamepotea nakata mitaa kurudi kwetu. Mwaka mzima. Na kumbe hadi leo, mtu mzima na ndevu zangu, ugonjwa bado ninao.

Niliporudi chumbani nikaikumbuka Sheffield. Maana kule nilijiapiza kwamba mchezo huu basi.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Julai 2023. Mshkaji mmoja Mwingereza tunayekaa naye ofisi moja alikuwa na tiketi mbili za kuiona bendi inaitwa Pulp, na aliyekuwa aende naye akaugua. Bei ya tiketi nisiwadanganye, niliitazama mara mbili. Kwa hela ile mimi nakula wiki mbili, na nyama ndani. Akaniambia lipa nusu, utakuja kunishukuru. Nikalipa huku roho inauma.

Kwa wasioijua: Pulp ni bendi ya rock ya hapo hapo Sheffield. Ni zile bendi ambazo wenyewe wanaziita indie, yaani zilianzia kwenye lebo ndogo ndogo zisizo na hela, zinarekodi kwa kuungaunga. Mwimbaji wao, Jarvis Cocker, aliianzisha mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa sekondari, miaka 15. Mwaka 1981 wakarekodi kipindi cha redio cha John Peel wa BBC, wakadhani wametoka. Weee! Albamu ya kwanza ikatoka 1983 na hakuna aliyeshtuka. Kutoka ilikuja kuwa mwaka 1995. Hesabu mwenyewe: miaka 17 ya kupiga muziki ambao watu hawausikilizi. Sisi humu ndani tunalia kwa sababu sura ya pili imerudishwa na msimamizi mara tatu.

Na huyu Jarvis si mtoto wa kishua. Baba yake aliondoka akiwa mdogo, akaenda zake Australia. Alipokuwa kijana alifanya kibarua kwenye banda la samaki sokoni Castle Market, anasugua kaa. Nguo zake zile zilizokuja kumpa jina, suti za wazee na mashati ya kola ndefu, zilikuwa mitumba. Mitumba kabisa, ile ya kuchambua kwenye rundo.

Basi tukapanda treni jioni. Leeds hadi Sheffield si mbali, kama saa moja hivi. Ukitoka tu stesheni, juu ya kilima unaona jengo refu linajikunja kama nyoka, rangi za machungwa na njano. Linaitwa Park Hill. Lilimalizika 1961, nyumba za halmashauri za kupangisha wafanyakazi, karibu nyumba elfu moja. Baadaye likachakaa, likawa jina baya mjini. Sasa limekarabatiwa, nyumba nyingine zimeuzwa kwa watu wenye nafasi na nyingine wanakaa wanafunzi. Mshkaji wangu akalitazama akasema angependa sana kukaa pale, "pana historia." Nikaguna tu.

Ukumbi wenyewe, Utilita Arena, uko nje kidogo ya mji, unapanda tramu ya kwenda Meadowhall. Bonde lote lile zamani lilikuwa viwanda vya chuma. Kama kwenu kuna kisu au kijiko cha zamani, hebu geuza uangalie mpini, huenda kimechapwa Sheffield. Viwanda vingi vikafa, watu wakapoteza kazi, na ukumbi ukajengwa kwa ajili ya michezo ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia ya mwaka 1991. Kwa hiyo kwa namna fulani ni wa kwetu, teh teh. Unachukua watu zaidi ya 13,000.

Nikaingia nikiwa na wasiwasi wangu. Mweusi mimi, na ukitazama kushoto kulia unaona vichwa vyenye mvi na vipara. Wamama na wababa wa miaka hamsini, wengine wamekuja na watoto wao. Nikajiambia leo nimepotea njia, nimelipia harusi ya watu. Mama mmoja pembeni yangu akaniuliza kama nimeshawahi kuwaona. Nikasema hapana, mara ya kwanza. Akamgeukia mumewe: "Huyu ni mara yake ya kwanza!" kama vile mimi ndo bwana harusi. Baada ya hapo nikawa nyumbani.

Taa zikazimwa. Nyuma ya jukwaa likatokea umbo kubwa la mwezi, na mbele yake kivuli cha mtu mwembamba kinapanda taratibu kutoka chini. Wakafungua na I Spy, halafu bila kupumzika wakaingia Disco 2000. Watu elfu kumi na kitu wakaruka kwa pamoja, sakafu nikaisikia kwenye magoti. Jarvis wakati huo ana miaka 59, miwani, suti, anarusha miguu na kukunja vidole kama mwalimu wa hesabu aliyepagawa na pepo mzuri. Kwenye vinanda Candida Doyle, kwenye gitaa Mark Webber, kwenye dramu Nick Banks, ambaye, wapenzi wa kabumbu mpo, ni mtoto wa kaka yake Gordon Banks, yule golikipa wa Uingereza wa Kombe la Dunia 1966.

Hapa niseme jambo moja kwa wale mnaosema muziki ni kusikiliza kwenye simu inatosha. Haitoshi. Nilikuwa nazisikiliza nyimbo hizi wiki nzima kabla ya kwenda, nikaona ni za kawaida, jamaa anaongea ongea tu. Ukumbini nikaelewa kwa nini anaongea. Anawaongelesha watu anaowajua. Disco 2000 inamhusu rafiki yake wa utotoni, Deborah Bone, aliyekuja kuwa muuguzi wa afya ya akili na akafariki mwishoni mwa 2014. Katikati ya shoo wakatulia, wakapiga Something Changed kwa ajili ya Steve Mackey, mpiga besi wao, mtoto wa mji huo huo, aliyefariki mwezi Machi mwaka ule ule. Yule mama pembeni yangu akalia. Mumewe akamshika bega. Mimi, mgeni wa msiba, nikainamisha kichwa kama inavyopasa.

Halafu, karibu na mwisho, wameshatoka wakaitwa tena, ndo ukaja ule wimbo ulionileta hapa. Common People.

Kisa chake kinajulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Jarvis alikwenda kusoma filamu London, chuo cha sanaa cha Saint Martins. Huko akakutana na binti wa Kigiriki, mwanafunzi mwenzake, kwao hela ipo, ambaye alimwambia anataka kuhamia Hackney akaishi kama watu wa kawaida. Jarvis, kijana wa Sheffield aliyenusa samaki sokoni, akakaa na neno lile miaka kadhaa. Kisha akanunua kinanda kidogo cha Casio kilichotumika, akaanza kukichezea, wimbo ukatoka. Mwezi Mei 1995 ukaingia sokoni na kufika namba mbili Uingereza. Mwezi uliofuata bendi ya The Stone Roses ikashindwa kwenda tamasha la Glastonbury kwa sababu mpiga gitaa wao kavunjika mfupa wa bega, Pulp wakaitwa kuziba nafasi, umati ukauimba wimbo mzima. Miaka 17 ikalipwa usiku mmoja.

Wimbo unaanza polepole, kama stori ya kijiweni. Halafu unapanda, unapanda, na yule jamaa aliyekuwa anatania anaanza kukasirika. Hasira yake si kwamba binti ni tajiri. Hasira ni kwamba binti anadhani umaskini ni mahali unapoweza kutembelea, ukivaa nguo zake na kula chakula chake basi umefika. Mlango wa kutokea uko wazi nyuma yake muda wote, na yeye hata haoni kwamba ana mlango.

Ukumbi mzima unaimba. Na mimi pale katikati, mikono juu, ghafla nikamwona mama yangu.

Nilipokuwa mwaka wa pili Mlimani, mshkaji mmoja aligundua siri yangu. Mtoto wa kishua huyu, kwao Mbezi Beach, geti, mbwa wawili. Hakunicheka, nimpe haki yake. Alifurahi. Akataka twende kwetu. Jumamosi moja tukaenda, akala vitumbua vya mama na chai ya rangi kwenye kigoda, akacheza drafti na wazee, akapiga picha ukuta wetu, akapiga picha bata wa jirani. Jioni ikaingia, watoto wanacheza, redio kila dirisha. Akavuta pumzi akasema, "Mama, huku ndo kuna maisha. Mi ningeweza kabisa kuhamia huku."

Mama hakuacha kufuta karai lake. Akamwambia kwa upole, "Karibu sana baba. Kitanda cha mwenzio kipo, hakilaliwi. Njoo mwezi wa nne."

Yule mshkaji akacheka, akasema atakuja. Hakujua mwezi wa nne ni nini. Mwezi wa nne ni masika. Ni Mto Ng'ombe kutoka kwenye njia yake na kuingia ndani bila hodi. Ni kuinua kitanda juu ya matofali na kukesha umekaa, godoro begani, unasikiliza kama maji yanapanda au yanashuka, na maji yenyewe yamepita kwenye vyoo vya mtaa mzima. Hakuja mwezi wa nne. Na mimi sikumlaumu, kwa sababu na mimi mwezi wa nne nilikuwa naomba kulala kwa washkaji Mabibo Hostel.

Hivyo ndivyo Waingereza elfu kumi walivyoniimbia habari za mama yangu.

Nilitoka ukumbini najiona shujaa. Treni ya mwisho tuliikosa kwa uzembe wetu, mwenzangu akaenda kwa rafiki zake, mimi nikaenda kwa dada mmoja wa Kitanzania ninayemfahamu pale Sheffield. Hakuwepo. Alikuwa zamu ya usiku, anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, ufunguo kaniachia kwa jirani. Nikalala kwenye kochi. Asubuhi kama saa mbili akaingia, viatu mkononi, macho mekundu. Nikamchemshia chai.

"Haya mdogo wangu, niambie, huko ulikokwenda palikuwaje?"

Nikamwambia yote. Nikafika kwenye wimbo, nikamweleza unasema nini, nikaweka na ufundi wa kitaaluma kidogo, mambo ya tabaka na nini. Akanisikiliza hadi mwisho, anapuliza chai.

"Tiketi shilingi ngapi?"

Nikamtajia.

"Kumbe watu wanalipa hela yote hiyo waimbiwe habari za mtu kama mimi?" Akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Wangekuja wakanisaidia kugeuza wazee, ningewaimbia bure." Akaenda kulala.

Wadau, nilikaa pale jikoni muda mrefu. Kwa sababu alinigusa pabaya kuliko wimbo wenyewe.

Unajua mimi huku nasomea nini? Makazi yasiyopimwa. Nina slaidi za Tandale. Nina picha ya ukuta wetu, nimeipiga kwa pembe nzuri kuliko yule mshkaji wa Mbezi Beach. Kwenye semina nikifika slaidi ile nasimama kidogo, nasema "hapa ndipo nilipozaliwa," na chumba kinanyamaza, na profesa anatikisa kichwa kwa heshima. Yaani nikiwa na Watanzania wenzangu natokea Sinza, nikiwa na wazungu natokea Tandale. Naivaa inapolipa, naivua inapoaibisha. Yule binti wa Kigiriki angalau alikuwa na msimamo mmoja!

Na mlango wa kutokea ninao. Mwezi wa nne nikiwa hapa Leeds nawasha hita, nampigia mama simu, ananiambia "tuko salama, maji yamefika dirishani tu." Tu! Mimi si mtu wa Tandale tena kwa maana ile. Nimetoka. Kutoka si dhambi, mama mwenyewe aliuza vitumbua ili nitoke. Dhambi ni kujifanya bado nipo, au kujifanya sikuwahi kuwepo.

Kuna watakaosema Pulp wenyewe ni wale wale. Jarvis sasa ana hela zake, na ukumbi ule mtu wa kima cha chini haingii kirahisi. Ni kweli, sibishi. Lakini ninavyoona mimi, wimbo ule uko salama kwa sababu aliyeuandika hakusema "mimi ni maskini zaidi yako." Naye alikuwa mwanafunzi pale pale chuoni, anakunywa baa zile zile. Alichofanya ni kukataa kunyamaza pale mtu alipogeuza maisha ya kwao kuwa nguo ya kujaribu. Walipopata Mercury Prize mwaka 1996 hela ya zawadi wakaipeleka kwa War Child, shirika la kusaidia watoto wa vita, wakarudi kazini. Sidhani waliisafisha dunia. Ila hawakujipamba nayo.

Basi maoni yangu, myachukue au myaache.

Kwa nyie wa kishua: uswazi kutamu, hatukatai. Vitumbua ni vitamu, singeli ni noma, imezaliwa mitaa hiyo hiyo ya Manzese, Tandale na Mburahati na leo inachezwa mpaka Ulaya. Njooni mle, mcheze, mlipe bei kamili bila kudai punguzo kwa wamama. Ila msituambie mngeweza kuishi huku. Hamjui mnachosema, na mwenyeji wenu ana adabu tu ndo maana hajibu.

Kwa nyie mnaokwenda field na dodoso lenu: yule mama unayemuuliza anakula milo mingapi kwa siku ameacha biashara yake kukujibu. Nunua hata kitumbua. Na ukishapata digrii yako kwa majibu yake, rudi umwambie ulichoandika.

Na kwa sisi wa kwa Mtogole, hili ndo gumu. Tuache kushukia Sinza. Watu wale ukumbini walikuwa watoto wa wafua vyuma na wauza samaki, wengine sasa ni matajiri, wengine hohehahe, na walikuwa wanaimba jina la mji wao bila kuangalia nani anasikia. Nilionea wivu kuimba kule kuliko gitaa lolote.

Jana nilimtafuta yule dogo. Nikamkuta maktaba, nikamvuta nje, nikamwambia: sikiliza, juzi nilikudanganya, mimi kwetu Tandale.

Akacheka. "Kaka, nilijua."

"Ulijuaje?"

"Mtu wa Sinza hasemi Sinza tu. Anasema Sinza Mori, Sinza Kijiweni, Makaburini. Ulivyosema Sinza ukanyamaza, nikajua huyu ni wa ng'ambo ya pili." Akatazama viatu vyake kidogo, akasema, "Hata mimi ninawaambiaga Mwenge."

Sijamuuliza Mwenge sehemu gani. Nitampa muda.

Siku njema wadau, na mliopo Dar, mvua zikianza mpitie wamama zenu.